Mafua ya Mtoto wa Fundi

Jumatatu mwanangu wa darasa la pili alirudi shule na vitu vitatu: daftari la Hisabati lisilo lake, soksi mguu mmoja, na mafua ya mtoto wa fundi cherehani.

Daftari lilikuwa na jina la mwenyewe juu. Soksi ya pili nilimuuliza iko wapi, akasema "sijui", jibu ambalo kwa mtoto wa miaka minane hutosha kwa maswali yote ya dunia. Mafua hayakuwa na jina, ila mimi sikulihitaji. Dawati lao limetengenezwa kwa ajili ya watoto wawili, wanakaa watatu: mwanangu katikati, binti wa mama muuza viazi upande wa ukutani, mtoto wa fundi upande wa njia. Na jana yake, Jumapili, nilimwona huyo mtoto wa fundi sokoni kwa macho yangu mawili, akijifuta pua kwa mkono wa sweta, kuanzia kifundo hadi kiwiko, mfuto mmoja mrefu kama wa mtu anayepaka ukuta rangi. Kesi ikaishia hapo. Sikuita shahidi wa pili.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa huku. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeletwa Njombe na kazi ya ukarani katika ghala la mbao, nikaoa, nikakwama. Kwetu kipupwe kikifikisha nyuzi 22 usiku, mzee wangu hujifunga shuka shingoni na kutangaza kwamba mwaka huu tutazikana. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Juni na Julai, usiku, kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10 na wala hakiombi radhi. Asubuhi ukungu umelala barabarani kama ng'ombe, na mtu akikusalimia "kamwene", salamu inakufikia pamoja na moshi wake.

Sasa tazama kalenda ilivyo. Juni watoto wanafunga shule. Wanatawanyika kwa mashangazi na wajomba: huyu Makambako, yule Songea, mwingine Dar es Salaam. Kila mmoja huko anaokota cha kuokota. Halafu Julai, baridi ikiwa imekolea barabara, wote wanarudi darasani siku moja, wanapanga walichokuja nacho juu ya dawati kama wachuuzi wa mnadani, na biashara inaanza. Ukiwa mzazi unachosubiri ni kujua mwaka huu wako amenunua nini.

Nyumbani kwangu anaishi mama mkwe, ambaye kwa heshima namwita Mama na kwa woga simbishii. Mama ana elimu yake ya mafua na haijabadilika tangu nimfahamu: baridi huingilia miguuni, hupanda kwenye mifupa, ikifika kifuani inajenga. Kwa hiyo mjukuu wake hutoka nyumbani amevaa soksi za uzi alizofuma Mama mwenyewe, za kijivu zenye mstari wa kijani, sweta juu ya sweta, koti, na kofia inayoziba masikio kiasi kwamba ukimwita anageuka dakika moja baadaye. Hawezi kushusha mikono. Anatembea kama ndege anayetaka kuruka. Na mafua anapata vilevile.

Jumatatu hiyo alipoona mguu mmoja hauna soksi, Mama hakutaka maelezo zaidi. "Si hapo?" alisema, akauonyesha mguu kama mtu aliyeshika mwizi.

Nikafanya kosa la kumwelimisha. Nikasema, Mama, mafua hayaletwi na soksi, yanaletwa na virusi. Wako wa aina nyingi mno. Ukoo mmoja tu, wale wanaoitwa rinovirusi, wana aina zaidi ya 100, ndiyo maana mtoto akipona hawa wanakuja binamu zao. Mama alinisikiliza huku akimenya viazi. Alipomaliza kiazi akauliza, "Basi, baba, hao virusi wako Desemba huwa wanakwenda wapi?"

Ni swali zuri. Limewasumbua watu wenye maabara, si mimi tu karani wa mbao. Na jibu mojawapo, nikimwangalia Mama, lilikuwa linapita chini ya kiti chake likitafuna maganda.

Wasiowahi kufika huku wajue kwamba nyumba nyingi hufuga simbilisi jikoni. Wanakula majani na maganda, wanazaana bila kuhimizwa, na mgeni akija ghafla kitoweo hakikosekani. Sasa, mwaka 2007 watafiti wa New York walichapisha habari ya simbilisi. Waliwaambukiza baadhi yao influenza, yale mafua ya kumlaza mtu kitandani, wakawaweka kwenye vizimba jirani na vya wenzao wazima, hewa inapita ila pua hazigusani. Chumba kikiwa na baridi ya nyuzi 5, ugonjwa ulivuka kwa jirani kwa urahisi. Hewa ikiwa kavu, ulivuka vizuri pia. Chumba kikiwa na joto la nyuzi 30, haukuvuka.

Nilimweleza Mama haya yote kwa mikono na mifano. Nikamwambia, kwa hiyo baridi ina sehemu yake, hukukosea, ila si kwa kupitia mguuni. Inamsaidia kirusi akae hewani akiwa hai. Halafu sisi kwa kuiogopa tunafunga kila tundu, tunakaa tumebanana tukipumuliana, kazi inakuwa imekwisha.

Mama alifikiri. Akauliza, "Na walipomaliza, waliwala?"

Sijui kwa nini huwa naanza mazungumzo haya.

Ndugu zangu wa Tanga nao wasinitumie meseji za kujivuna. Mwaka uliofuata watafiti haohao waliweka simbilisi mgonjwa na mzima ndani ya kizimba kimoja, joto nyuzi 30, na yule mzima akaambukizwa. Kwenye joto ugonjwa ukishindwa kupita hewani unapita kwa kugusana. Nikisoma hivyo naliona dawati la watoto watatu. Hicho ni kizimba kimoja, kiwe Tanga kiwe Njombe, na ndani yake wanaazimana peni ambazo kila mmoja amezitafuna upande wake.

Elimu hii yote ndiyo iliyoniponza mwaka jana kwenye kikao cha wazazi. Tulikuwa kama sitini darasani, tumekalia madawati ya watoto, magoti yapo masikioni. Madirisha yote yamefungwa. Mengine hayafunguki hata ukitaka, maana vioo vilivunjwa na mpira na shule ikayaziba kwa mabanzi. Njombe unaweza kukosa chaki lakini banzi hukosi. Nyuma yangu kulikuwa na mzee anakohoa kikohozi kinene, kile cha kuvuta kamba kutoka kisimani. Ajenda ilikuwa mahudhurio: kwa nini Julai watoto wengi hawafiki shule. Na sisi tunaoijadili tunabadilishana pumzi kama watu wanaopokezana kata ya ulanzi.

Nikasimama. Nikasema tufungue madirisha.

Darasa lilinyamaza. Mama mmoja akalivuta blanketi la mtoto mgongoni. Nikaona niongeze nguvu ya hoja, nikamtaja Florence Nightingale, yule muuguzi wa Kiingereza, aliyeandika kitabu cha uuguzi mwaka 1859 akasema jambo la kwanza kabisa ni hewa ya ndani iwe safi kama ya nje, bila kumtia mgonjwa baridi.

"Bila kumtia baridi," mwenyekiti akarudia, akaandika. "Mama huyo alishawahi kufika Njombe?"

Walicheka hadi mzee wa kikohozi akapaliwa. Kijana mmoja karibu na dirisha, kwa huruma tu, alilisukuma kidogo, upana wa vidole viwili. Upepo ukaingia ukachukua karatasi ya mahudhurio, ukaipitisha juu ya vichwa vyetu, ukaiweka mlangoni. Dirisha likafungwa. Kikao kikaazimia kuundwa kwa kamati ndogo ya afya na mazingira, na mjumbe wake wa kwanza awe mzazi aliyetoa wazo. Nchi hii haimwadhibu mtu kwa kuwaza, inampa kamati.

Kwa hiyo mimi ni mjumbe. Nina daftari la kamati na kalamu niliyonunua mwenyewe. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa vibuyu chirizi. Unachukua dumu la lita 5, unalitoboa tundu dogo, unalining'iniza kwenye mti wa kulala juu ya nguzo mbili, unafunga kamba mdomoni inayoshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, hagusi kitu kwa mkono. Ni kitu rahisi na kizuri, naona fahari kukisema. Mbao zilikuwa juu yangu. Tuliweka vinne, kando ya jiko la uji, kwa sababu uji wenyewe ni hadithi: vikombe havitoshi, kikombe kimoja kinazunguka kwa watoto wawili au watatu, na kila mmoja anaamini upande anaonywea yeye hakuna aliyeugusa.

Tatizo la kwanza ni maji. Maji ya dumu lililolala nje Njombe usiku wa Julai si ya kunawa, ni ya adhabu. Tuliwaambia watoto wasugue kwa sabuni sekunde 20, wahesabu moja hadi ishirini. Nilisimama pale asubuhi moja na daftari langu nikawatazama. Wanahesabu vizuri sana. Wanahesabu kwa sauti, wote kwa pamoja, mikono iko kwapani. Wakifika ishirini wanachovya kidole kimoja, wanapiga yowe, wanakimbia.

Tatizo la pili ni kunguru. Tulining'iniza kipande cha sabuni kwa kamba kwenye kila dumu. Ndani ya siku mbili sabuni zote nne zilikuwa zimekwenda. Tulimshuku mlinzi, tukamshuku jirani wa shule, mimi nilimshuku mwanafunzi mmoja wa darasa la sita mwenye uso safi kupita kiasi. Hadi tulipomwona kunguru juu ya paa la ofisi, ameshika kipande cha sabuni ya mche, anakidonoa kama mtu anayekula jibini. Tulimfukuza kwa mawe. Alirudi na wenzake. Kamati ilikaa kikao cha dharura kuhusu kunguru. Naliweka wazi hili ili mjue muda wangu unakwenda wapi.

Tatizo la tatu tulilirithi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi na kufunguliwa mwishoni mwa Juni, kila mlango nchini ulikuwa na ndoo ya kunawia, hata kwa kinyozi. Ndoo hizo siku hizi zinahifadhi mbegu za maharage. Kilichobaki kwa watoto ni mafundisho mawili: ukipiga chafya, pigia kwenye kiwiko, ukisalimiana, salimiana kwa kiwiko. Hakuna aliyeona kwamba mafundisho haya yanakutana mahali. Watoto walikuwa wakipigia chafya kiwiko halafu wakienda kumsalimia babu yao kwa kiwiko hichohicho. Kusalimiana huko kumekufa, ahsante Mungu, ila kiwiko cha sweta kimebaki na kazi yake. Cha mwanangu kinang'aa. Ukikigonga kinatoa sauti. Sweta la shule ni moja, hufuliwa Jumamosi, na Julai huku nguo ya uzi haikauki kwa siku moja hata uiombee, kwa hiyo Jumatatu analivaa likiwa bichi na Mama ananitazama mimi.

Kwa Waingereza, nasikia kutoka kwa shemeji yangu anayeishi Leicester, kila majira ya baridi yakikaribia watoto wa shule hupuliziwa chanjo ya influenza puani, hukohuko shuleni. Puani! Mwanangu pua yake haina nafasi. Sisi chanjo tunayoijua vizuri ni ile ya kliniki ya kukinga nimonia, anayochomwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, iliyoanza kutolewa nchini 2013. Wanangu wote wawili wanayo kwenye kadi, na ni jambo pekee katika habari hii ninaloweza kujisifia, ingawa kwa kweli aliyewapeleka ni mama yao.

Turudi kwenye mafua ya mtoto wa fundi. Jumanne alfajiri mwanangu aliamka amewaka. Si joto la blanketi, lile la kukudanganya, hapana, alikuwa wa kukaangia yai. Mke wangu alishaondoka kwenda kufungua duka. Mama alikuwa msibani Uwemba tangu usiku. Na ghalani kwetu malori mawili ya mbao yalikuwa yanasubiri kupakuliwa saa moja, bila karani hayapakuliwi.

Sasa nitasema nilichofanya, na naomba kila mzazi ambaye hajawahi kukifanya anirushie jiwe la kwanza. Nilimpa parasetamoli. Nikamshika paji la uso, nikasubiri, nikamshika tena. Baada ya nusu saa paji limepoa, macho yamefunguka, ameomba chapati. Nikajiambia: unaona, alikuwa na njaa. Nikamvisha masweta yake mawili, nikampakia bodaboda na mtoto wa jirani, nikaenda kazini nikiwa mtu mwema kabisa.

Parasetamoli hufanya kazi kwa saa nne, tano, sita hivi. Haijui ratiba ya ghala la mbao. Saa tano simu ikaita.

"Baba, shikamoo," mwalimu wa zamu alisema. Mwalimu akikusalimia kwa adabu hivyo ujue kuna jambo. "Mtoto anatetemeka. Anasema asubuhi ulimpa dawa."

Watoto hawatunzi siri. Wanachotunza ni kamasi.

Nilifika shuleni na vumbi la mbao kichwani. Mwalimu anayesimamia afya alinipokea mlangoni mwa ofisi, akaniita "mjumbe" mbele ya watu, na hilo neno sijawahi kulisikia likiwa na makali kiasi hicho. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye benchi amejikunyata. Juu ya kichwa chake ukutani kulikuwa na karatasi ya manila iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MTOTO MWENYE HOMA ABAKI NYUMBANI HADI HOMA IISHE YENYEWE BILA DAWA. Nilisoma mara mbili kana kwamba ni habari mpya. Herufi zilikuwa zangu. Ile R yenye mguu mrefu haina mwingine anayeiandika.

"Dawati lake lina wenzake wawili," mwalimu alisema tu, taratibu, akifunga daftari la mahudhurio. Nikamjibu kwamba hata mimi nimelifikiria hilo, na kwamba kwa uchunguzi wangu chanzo ni mtoto wa fundi. Akanitazama. Hakusema kitu.

Tukiwa tunatoka tulipita kwenye vibuyu chirizi, na pale kwenye dumu la pili, likiyumba kwa upepo, nikaona kitu cha kijivu chenye mstari wa kijani. Soksi. Ndani yake kulikuwa na vipande vya sabuni, imefungwa fundo juu na kuning'inizwa kwa kamba. Niliishika. Imelowa, ina povu, ina harufu nzuri kuliko soksi yoyote iliyowahi kutoka nyumbani kwangu.

"Kunguru hawezi kuitoa," mwanangu akasema kwa sauti ya puani. "Mwalimu aliuliza nani ana soksi. Mimi nilikuwa nayo."

Sikujua nimshike bega au nimgombeze. Kamati yangu ilikaa vikao vitatu kuhusu kunguru, na mtoto wa darasa la pili amevua kiatu.

Nyumbani sikumwambia Mama kuhusu soksi. Kuna ukweli mwingine mtu anauacha uive.

Jumatano nilikwenda duka la dawa kuomba vile vidonge vya rangi mbili. Ndiyo, mimi huyuhuyu wa virusi na simbilisi. Dada aliyekuwa dukani akaniuliza ni vya nini, nikasema mafua, akaniambia hivyo ni antibayotiki, vinaua bakteria, virusi havivigusi. Mpe maji, uji wa moto, apumzike, homa ikizidi siku tatu mpeleke zahanati. Nilitaka kumwambia kwamba hayo yote nayajua, hata nimeyaandika kwenye manila. Nikanunua limau na tangawizi, nikalipa, nikatoka kimya.

Alhamisi usiku ikawa zamu ya mdogo, binti wa miaka mitatu, kama ilivyotarajiwa, maana wanalala kitanda kimoja. Alianza kukohoa saa sita. Mama, aliyekwisha kurudi, akaingia chumbani na jiko la mkaa limewaka jekundu, akaliweka katikati ya chumba, akafunga mlango na kuchomeka kanga chini ya mlango.

Hapo sicheki. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, watu wanalala wakiwa na joto zuri na hawaamki. Na moshi wake, hata ule mdogo, si dawa ya kifua cha mtoto. Nilimwamkia Mama kwanza, shikamoo, usiku wa manane, kisha nikalibeba jiko kwa mikono miwili nikalitoa nje, nikarudi nikafungua dirisha kidogo. Hatukusemeshana hadi asubuhi. Lakini blanketi lake mwenyewe alilileta, akamfunika mtoto juu ya lile lingine.

Mke wangu alimvua binti sweta, akamweka mapajani, akaniambia nihesabu. Hili alifundishwa kliniki: mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano, ukihesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, zikifika 40 au zaidi, hilo si la limau, ni la hospitali usiku huohuo, na chini ya mbavu kukibonyea anapovuta pumzi, usihesabu hata, ondoka. Nikashika simu kama saa. Tumbo dogo linapanda, linashuka. Nilifika 19 nikapiga chafya, hesabu ikapotea. Nikaanza upya. Nilifika 31 dakika ikaisha. Tukahesabu tena, 30. Mke wangu akaegemea ukuta. Yalikuwa mafua tu, ya kawaida, yale yale niliyoyapeleka mimi kwenye dawati, ingawa wakati huo bado nilikuwa naamini ni ya fundi.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi na mambo mawili: kumrudishia daftari la mwanawe, na sweta la kutiwa viraka viwikoni, maana baada ya kufuliwa kiwiko kile kilitoboka, kumbe kilichokuwa kimekishikilia ni kamasi. Jambo la tatu nililiweka akilini: nilikuwa nimepanga kumwambia, kwa upole wa kijumbe, kuhusu umuhimu wa kumwacha mtoto mgonjwa nyumbani.

Fundi alikuwa peke yake, kakunja mgongo juu ya cherehani. Kabla sijafungua mdomo akavuta droo, akatoa daftari la Hisabati la mwanangu. "Walibadilishana Jumatatu," alisema. "Wangu akaona asikose kazi, akaandika humo humo. Utanisamehe, kaka."

Nikalifungua. Kazi ya Jumanne ilikuwa mwandiko wa mtoto wake, namba zimenyooka, vyema kumi kati ya kumi, wino mwekundu. Jumatano, vyema kumi kati ya kumi. (Mwanangu hajawahi kupata zaidi ya sita.) Alhamisi, hakuna kitu. Ijumaa, hakuna.

"Alhamisi aliamka na homa," fundi alisema akiwa anapitisha uzi kwenye sindano. "Nikamwacha nyumbani. Bado yupo ndani, hadi homa iishe yenyewe. Si ndivyo mlivyoandika pale shuleni?"

Nilihesabu kwa vidole, ndani ya mfuko. Jumatatu. Jumanne. Alhamisi. Ugonjwa wenyewe huchukua siku moja hadi nne kujitokeza. Nikamkumbuka yule mtoto na mfuto wake mrefu sokoni.

"Lakini Jumapili nilimwona anatoka kamasi," nikasema.

"Kaka," fundi akajibu, "huku Julai kila pua inatoka kamasi. Hiyo ni baridi tu." Akachukua sweta la mwanangu, akaligeuza, akalitazama kiwiko kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Nitatia kitambaa cha suruali, kizito. Hakitanyonya maji sana."

Nikamuuliza bei, akataja ndogo mno, nikataka kuongeza, akakataa. Binti wa mama muuza viazi naye hayupo shule tangu Ijumaa, akaniambia, kama anayetaja hali ya hewa. Nikatikisa kichwa. Nikakaa kwenye stuli kusubiri. Chumba cha fundi ni kidogo, upana wa hatua tatu, na dirisha lake lote lilikuwa wazi, mabawa yote mawili, upepo wa mlimani unaingia moja kwa moja ukiyumbisha vitenge vilivyotundikwa. Ulinipata shingoni. Nikainua kola, nikakunja mikono kwapani, nikavumilia kama dakika mbili.

"Fundi," nikasema, "hebu funga kidogo hilo dirisha."